Foglaiti zimeingia ukungu? Safisha mwenyewe nyumbani, na mikwaruzo ya rangi umalizie hapo hapo

Sisi wa Tanga na hewa hii ya chumvi, gari ukililaza Raskazone miaka miwili tu foglaiti, zile taa ndogo za chini kwenye bampa, zishakuwa kama jicho lenye mtoto wa jicho. Kwanza pitisha kidole, ukungu uko nje au ndani? Kama matone yako ndani msasa hausaidii kitu, ifungue, ianike mpaka ikauke kabisa halafu ziba ufa kwa silikoni, ila kale katundu ka kupumulia usikazibe maana ndo unaufungia mvuke humo humo. Na kama uso wa taa ni kioo kweli, sio plastiki, msasa weka mbali.

Ukungu wa nje bandika masking tepu kuzunguka taa usije ukakwaruza bampa, piga msasa wa maji namba 1000 kisha 2000, maji yamiminike muda wote. Itakuwa nyeupe kama tui, usiogope, endelea na kompaundi, ile dawa ya kung'arishia, kwa kitambaa laini mpaka ing'ae, halafu paka kliya, ile vanishi angavu, ya kuzuia jua. Dawa ya meno? Inang'arisha kidogo tu, haikai.

Rangi sasa. Kodi, yaani namba ya rangi ya gari lako, iangalie kwenye kibati cha mlangoni au chini ya boneti, usikisie kwa macho, nyeupe ziko nyingi. Kwangua kutu yote, paka praima, ile rangi ya kwanza ya chini, ikikauka weka rangi kwa ncha ya njiti ya kiberiti, tone dogo dogo, tabaka mbili tatu, mwisho kliya. Fanyia kivulini, mimi nilipaka saa 7 mchana bati la moto, ikatoka malengelenge nikaanza upya.