Somo: Namna ya kuingia kwenye kazi ya kuwachunguza wezi wa kalamu

Wakuu, wengi wakisikia "mpelelezi" wanawaza bunduki na pingu. Mwizi wa kalamu, yaani anayeiba kwa kughushi nyaraka na mahesabu, anakamatwa kwa hesabu. Sakata la EPA (akaunti ya madeni ya nje) pale Benki Kuu ya Tanzania, zaidi ya shilingi bilioni 133 kwenda kwa kampuni 22 mwaka 2005/06, liliibuliwa na wakaguzi waliokaa na mafaili.

Hatua ya 1: Msingi. Uhasibu, sheria au TEHAMA. Wa uhasibu amalizie CPA, cheti cha uhasibu cha NBAA (bodi ya wahasibu). CFE ya Marekani, cheti cha wachunguzi wa udanganyifu, inaheshimika, ila ni ghali. Kwa maoni yangu usianze nayo.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma karatasi. Hapa ndipo wengi wanapopwaya. Chukua ankara za mzabuni mmoja za mwaka mzima, uzipange kwa tarehe. Januari namba 014, Machi 015, Juni 016. Ina maana hana mteja mwingine zaidi yenu? Tazama na kiasi: meneja mwisho wake kuidhinisha ni milioni 5, na kila ankara ni milioni 4.9 na ushee. Nenda BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, uone kampuni ilisajiliwa lini na wakurugenzi ni akina nani. Usiropoke bado, huenda ni mfanyabiashara mdogo halali. Omba hati za kupokelea mzigo, kisha muulize mtunza stoo aliupokea lini.

Hatua ya 3: Mlango wa kuingilia. TAKUKURU kila mtu anaikimbilia, na foleni yake mnaijua. Jaribu ukaguzi wa ndani au kitengo cha udanganyifu kwenye benki, bima na kampuni za simu. Sheria ya fedha haramu ya 2006 inazitaka benki, kasino, hata madalali wa nyumba, kuripoti miamala yenye shaka kwa FIU, kitengo cha serikali cha kudhibiti fedha haramu. Lazima awepo mtu wa kuiona.

MASWALI

Mkuu, mimi ni mwanasheria, hesabu zinanipiga chenga. Nina nafasi?
Unayo. Ushahidi ukikusanywa vibaya kesi inaanguka mahakamani. Ila jifunze kusoma taarifa ya benki.

FIU wanakamata watu?
Hapana. Wanachambua taarifa na kuzipeleka polisi na vyombo vingine.

Nipo benki. Mteja niliyemripoti ni jirani yangu, naweza kumdokeza?
Thubutu! Hilo lenyewe ni kosa la jinai. Mwambie bosi wako mnafahamiana, faili apewe mwingine.