Kumuaga mchungaji anayestaafu

Mimi ni katibu wa kanisa, na kwangu maandalizi huanzia kwenye mahubiri yenyewe. Zawadi baadaye.

Miezi mitatu kabla, waombe washirika waandike hubiri moja la mchungaji wanalolikumbuka, na lilibadilisha nini. Usikubali "ulitubariki sana". Uliza: neno gani? Ulifanya nini ulipofika nyumbani? Mama mmoja aliniandikia kwamba baada ya hubiri la Mathayo 18, kuhusu kusameheana, alimpigia dadaake simu jioni ileile. Barua ya namna hiyo ndiyo mchungaji atakayoisoma tena na tena. Wasioweza kuandika, wafuate kwao, wasimulie nawe uandike kwa maneno yao. Wagonjwa na wajane usiwaache. Hao aliwatembelea kuliko wengine wote. Zibandike barua zote kwenye daftari gumu, za walioandika zikiwa kwa mwandiko wao wenyewe.

1 Timotheo 5:17 inataja heshima maradufu kwa wanaojitaabisha katika kuhubiri na kufundisha. Basi toeni na fedha, kwenye bahasha, bila kutangaza kiasi.

Siku ya ibada, wasemaji wasizidi watatu. Mwenzi wake aitwe mbele kwa jina lake na kushukuriwa peke yake, kwa maana naye alitumika. Kisha mwachieni mchungaji mimbari, ahubiri bila kuangaliwa saa. Wazee wamwekee mikono na kumwombea.

Mwezi unaofuata, nendeni kumjulia hali.