Masalia ya kiwandani shambani: uliza kwanza yamepitia nini

Lori la kiwanda likimwaga lundo la taka za bure pembeni mwa shamba, wengi hushukuru kwanza na kuuliza baadaye. Afadhali uanze na kuuliza, tena usianzie kwenye virutubisho. Uliza taka hiyo imepitia nini kabla ya kukufikia.

Makapi ya miwa, pumba za mpunga, mashudu ya pamba na maganda ya kahawa yalitoka shambani. Kiwanda kimeyakamua au kuyakoboa tu, kwa hiyo kwa kawaida hayana neno. Tope la kiwanda cha ngozi, cha rangi au cha betri ni habari nyingine. Humo mnaweza kuwa na kromiamu, risasi au kadimiamu, na metali hizi haziozi. Wapo wanaoamini kwamba ukilichanganya na samadi na kulivundika miezi kadhaa linasafika. Halisafiki. Metali hubaki kwenye udongo, na baadhi, hasa kadimiamu, hupanda hadi kwenye majani ya mboga. Tope la namna hiyo likatae hata ukiletewa mlangoni.

Maranda ya mbao nayo yana mtego wake, ukiacha yale ya mbao zilizowekwa dawa ya kuzuia mchwa, ambayo hayafai kabisa shambani. Maranda safi yana kaboni nyingi mno: sehemu 200 hadi 500 kwa sehemu moja ya naitrojeni, wakati lundo la mboji huoza vizuri likiwa na 25 hadi 30 kwa moja. Ukiyafukia mabichi, vijidudu vinavyoyaozesha hunyonya naitrojeni iliyomo kwenye udongo, na wiki chache baadaye mazao yanageuka manjano kuanzia majani ya chini. Mkulima hudhani ni ugonjwa, anakimbilia dawa. Yatandaze juu ya udongo bila kuyafukia, au yavundike kwanza pamoja na samadi ya kuku au majani mabichi. Makapi ya miwa yafanyie vivyo hivyo.

Tope linalobaki kwenye vichujio vya kiwanda cha sukari ni zuri kuliko sifa linazopewa. Lina mboji, kalsiamu na fosforasi. Likiwa bichi huchemka na kunuka, hivyo liache lipoe na kuoza kabla ya kupanda. Maji yanayobaki baada ya kukeneka pombe ya miwa yana potasiamu nyingi, na Brazili huyamwagilia kwenye mashamba ya miwa. Lakini yakizidi huleta chumvi, na yakiingia mtoni huua samaki.

Majivu ya kuni kutoka kwenye matanuri na mabaki meupe ya chokaa hupunguza tindikali ya udongo. Ndiyo maana yasitumike kabla ya kupima pH, yaani kipimo cha tindikali. Udongo ukishavuka 7, chuma na zinki vinakuwa vigumu kwa mimea kuvipata, na kurudi nyuma ni kazi. Usiyachanganye na urea wala samadi mbichi, maana naitrojeni itapotea hewani kama amonia, utaisikia puani. Majivu ya makaa ya mawe usiyachukulie sawa na ya kuni: yanaweza kuwa na boroni na aseniki. Jasi, kwa upande wake, haibadilishi sana pH, lakini husaidia udongo wa magadi ulioganda usiopitisha maji. Ile inayobaki kwenye utengenezaji wa mbolea za fosfati ipimwe kwanza, kwani huweza kuwa na kadimiamu na mionzi kidogo.

Kabla ya kusambaza chochote, chukua makopo mawili yenye matundu chini. Moja jaza udongo wako mtupu, jingine udongo huohuo uliochanganywa na masalia kwa kiwango unachokusudia. Panda maharage ya mfuko mmoja kwenye yote mawili, mwagilia sawasawa, usubiri wiki mbili. Kingo za majani zikiungua, chumvi imezidi. Majani yakijikunja na kusinyaa, huenda kuna dawa ya kuua magugu. Jaribio hili halioneshi metali nzito. Hizo hupimwa maabara tu, na kiwanda ndicho kinachopaswa kukupa cheti cha vipimo. Kikisita kukitoa, liache lori liondoke na mzigo wake.