Kuhariri Riwaya Usiyoipenda

Si lazima uipende riwaya ndipo uihariri. Ijue hadhira yake tu.

Soma mswada wote mara moja bila kusahihisha; palipokuchosha, chora mstari pembeni kwa penseli. Kesho yake rudia mistari hiyo: ni kasoro au ladha yako? Kasoro huonyeshwa kwa kidole. Mhusika anashuka basi Nanenane, Dodoma, aya inayofuata anagonga mlango Kondoa, kilomita kama 160, na chai aliyonunua stendi bado ina moto. Hapo muulize mwandishi, usimwandikie upya wewe. Usichoweza kukionyesha, futa mstari wako.

Mhariri anayeipenda mno (huyu ndiye wa kuogopwa zaidi) huyapita makosa akicheka. Asiyeipenda hunyoosha lugha hadi wahusika wote wanaongea kama yeye. Ukijikuta unaandika upya kila aya, rudisha kazi mapema.