Injini inamisi (silinda moja haichomi vizuri) ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta)? Usikimbilie plagi

Toyota zenye injini ya 1NZ-FE (IST, Raum) zina koili (kifaa kinachopeleka umeme kwenye plagi) moja kwa kila silinda, hivyo kupima ni rahisi. Injini ikiwa sailensa, chomoa soketi ya koili moja na uirudishe ndani ya sekunde 3, kisha nenda inayofuata. Usichelewe: petroli isiyoungua huharibu masega ya ekzosi (kisafisha moshi). Silinda ambayo ukichomoa soketi yake mlio haubadiliki ndiyo mbovu. Zima, fungua boliti kwa spana namba 10, badilishana koili hiyo na ya jirani. Misi ikihamia silinda ya jirani, koili imekufa. Ikibaki, kagua plagi, halafu nozeli (inayonyunyiza petroli) na kompresheni (mgandamizo wa silinda). Shimo la plagi likiwa na oili, badilisha kwanza sili za tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), la sivyo koili mpya nayo itakufa.