Jinsi ya kukokotoa umbali wa angani kati ya miji miwili ya mbali

Rula na ramani ya ukutani ziweke kando. Ramani bapa huitanua dunia kadiri unavyokaribia ncha, kwa hiyo mstari ulionyooka kwenye karatasi si lazima uwe njia fupi angani. Njia fupi ni ile ambayo uzi uliokazwa ungefuata juu ya tufe la dunia. Kutoka London hadi Tokyo, uzi huo hupanda hadi karibu latitudo 71 Kaskazini, ndani kabisa ya Duara la Aktiki, ingawa Tokyo iko kusini zaidi ya London.

Tafuta latitudo na longitudo za miji yote miwili, kwa desimali. London ni 51.5 na −0.1, Tokyo ni 35.7 na 139.7. Kusini na magharibi huwekewa alama ya kutoa, na hapa ndipo wengi huharibu hesabu: ukisahau alama kwenye latitudo ya Sydney (−33.9), utakuwa umeuhamishia mji huo katikati ya bahari, mashariki mwa Japani. Dakika nazo hutega. 51°30′ ni 51.5, wala si 51.30, kwa kuwa digrii moja ina dakika 60.

Weka kikokotoo kwenye digrii. Kijaribu kwa sin 30, kisipotoa 0.5, kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Kisha ingiza (d ni umbali kati ya miji, kwa digrii):

cos d = sin 51.5 × sin 35.7 + cos 51.5 × cos 35.7 × cos 139.8

Hiyo 139.8 ni tofauti ya longitudo, yaani 139.7 − (−0.1). Ikizidi 180, kama ilivyo kwa Auckland na Los Angeles, iache tu, cos haijali. Upande wa kulia unatoa 0.0706. Bonyeza cos⁻¹ upate digrii 85.95, zidisha kwa 111.19, yaani kilomita za digrii moja: kilomita 9,557. Ukitaka maili za baharini, zidisha digrii kwa 60.

Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha, hivyo jibu laweza kupotoka kwa takriban nusu asilimia, hapa chini ya kilomita 50. Kwa makadirio ya safari, hilo halina uzito. Kinachobadilisha umbali kweli ni njia yenyewe: tangu Urusi ilipoyafungia mashirika ya ndege ya Uingereza anga yake mwaka 2022, ndege zao za Tokyo huzunguka.

Kupata muda, gawanya kilomita kwa 900, ongeza kama dakika 45 za kupaa na kutua. Kwa 9,557 ni saa 11 na ushei, endapo njia ni ya moja kwa moja. Upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hivyo safari ya kurudi London huchukua muda zaidi kwa umbali uleule.