SOMO: Mashine ya kufulia ya kilo ngapi inakufaa, na je draya (mashine ya kukaushia nguo) unaihitaji? Kwa sisi wa Kigoma

Wakuu habari za muda huu. Kuna swali naulizwa sana hapa Mwanga, "fundi nina watoto wanne, ninunue mashine ya kilo ngapi?", ukimjibu kilo 7 mtu anaridhika anaenda dukani, baada ya muda unaitwa kwake unakuta mashine mpya kabisa imewekewa sufuria juu, haifui, kisa tanki lake liko kwenye stendi fupi na maji hayana presha. Ndio maana somo hili nalipanga tofauti na wauzaji wanavyolipanga, maji kwanza, kilo baadae, draya mwisho kabisa na wengi wenu huko kwenye draya hamtafika.

HATUA YA 1: MAJI

Fungua kitabu cha mashine au angalia stika ya nyuma, kuna sehemu wameandika presha ya maji. Nyingi za mlango wa mbele, zile unazoingizia nguo kwa mbele, zinataka kuanzia 0.05 MPa (MPa ni kipimo cha presha), chache zinakubali 0.03. Hesabu yake haina ujanja, kila mita 10 za maji kwenda juu ni 0.1 MPa, kwa hiyo hiyo 0.05 maana yake ni mita 5 kutoka pale bomba linapoingia kwenye mashine mpaka kwenye maji ya tanki. Sasa stendi zetu za simtanki nyingi ni mita 2, ukijitahidi 3, unaona mwenyewe. Mashine inafungua valvu, maji yanaingia kidogo kidogo, ikisubiri sana inasimama na kuandika herufi kwenye kioo, LG inaandika IE, Samsung inaandika 4C au 4E kwa zile za nyuma kidogo, na mwenye mashine anaanza kutafuta fundi wa kubadilisha bodi wakati bodi ni nzima, mashine ina kiu tu.

Kwa hiyo kabla hujauliza kilo, simama kwenye bomba utakapofunga mashine, fungua, tega ndoo ya lita 10. Kama inachukua dakika mbili tatu kujaa, basi una njia tatu: upandishe stendi, ufunge pampu ndogo ya kusukuma maji, au uachane na mlango wa mbele uchukue semi-otomatiki, zile za vyumba viwili, kimoja cha kufulia kimoja cha kukamulia, ambazo hata ukimwagia maji kwa ndoo zinafua vizuri tu. Mji wetu ni wa vilima, jirani yako wa bondeni anaweza kuwa na presha nzuri na wewe wa juu huna, usinunue kwa kumuangalia yeye.

Na kiasi cha maji nacho kinahusu. Ya mlango wa mbele ya kilo 7 inatumia kama lita 50 kwa mkupuo mmoja, ya mlango wa juu ya otomatiki mara nyingi ni lita 100 na kwenda mbele. Kwa anayenunua maji kwa madumu ya lita 20, hiyo ni tofauti ya madumu mawili na nusu dhidi ya matano au sita, kila ukifua.

HATUA YA 2: PIMA NGUO, USIHESABU WATU

Hapa ndio penyewe. Kilo zilizoandikwa mlangoni ni kilo za nguo KAVU, na ni kwa programu ya pamba tu. Ukiweka programu ya nguo laini laini, za poliesta, uwezo unashuka mpaka kama nusu, na ile ya haraka ya dakika 15 au 30 nyingi zinataka kilo mbili hivi. Watu wanajaza kilo 7 kwenye programu ya dakika 15 halafu wanalalamika sabuni imebaki kwenye nguo, lazima ibaki.

Kuhesabu watu kunadanganya kwa sababu nyumba hazifanani. Kuna nyumba ya watu wanne wenye kichanga na mtu wa gereji, kuna nyumba ya watu saba ambao watano wako bodingi. Fanya hivi, chukua kiroba cha sulfeti, jaza nguo chafu zote za siku unayofua, nenda nacho kwa mtu mwenye mzani wa kuning'iniza, huku kwetu wa dagaa wanayo kila kona, pima. Kama una mzani wa kusimama nyumbani, jipime umekibeba halafu jipime bila kiroba, utoe.

Kwa makadirio tu: jinzi ya mtu mzima inakaribia robo tatu ya kilo, shuka la kitanda cha tano kwa sita ni kama hivyo hivyo, taulo kubwa zaidi kidogo ya nusu kilo, fulana gramu 150 mpaka 200, doti ya kanga haifiki nusu kilo. Utaona kwamba mashuka na mataulo ndio yanayojaza mashine, nguo za watoto hata ziwe nyingi vipi ni nyepesi.

Sasa tuseme kiroba chako cha wiki nzima ni kilo 24. Mashine usiijaze mpaka juu, ya mlango wa mbele ukishaweka nguo kiganja chako kiweze kuingia juu yake kikiwa kimesimama, maana nguo zinatakiwa zipande na kudondoka ndio zitakate. Kwa hiyo ya kilo 7 wewe iwekee kama 5 na nusu mpaka 6. Kilo 24 kwa 6 ni mikupuo minne kwa wiki. Ukichukua ya kilo 10 ukaweka 8 ni mikupuo mitatu. Umeongeza hela ndefu kupunguza mkupuo mmoja, mimi hapo nachukua ya 7 bila kufikiria mara mbili. Ila kama maji yanatoka siku mbili tu kwa wiki na tanki huna, hesabu inageuka, lazima uweze kumaliza kiroba chote ndani ya hizo siku mbili, hapo ya 10 ina maana.

Halafu kuna blanketi. Blanketi zito la kitanda kikubwa likiwa kavu ni kilo 2 mpaka 3 hivi, kwa namba linaingia kwenye ya kilo 6, lakini kwa ukubwa halizunguki, linajibana kama donge la ugali upande mmoja na mashine ikitaka kukamua inatikisika inagoma. Kama unataka blanketi lifuliwe nyumbani anzia kilo 8 au 9. Kama ni la kufua mara mbili kwa mwaka, mpelekee dobi, usinunue mashine kwa ajili ya blanketi.

Chandarua cha dawa usikiweke kwenye mashine kabisa, kinafuliwa kwa mkono taratibu na kuanikwa kivulini, na maji yake yasimwagwe ziwani wala usikifulie ziwani, ile dawa inaua samaki.

HATUA YA 3: MLANGO WA MBELE AU WA JUU

Nitasema kitu kimoja tu ambacho wa Dar hawakiwazi, mawese. Mawese kwenye maji ya baridi yanaganda, yanataka maji ya joto zaidi ya nyuzi 40 ndio yaachie kitambaa. Mashine nyingi za mlango wa mbele zina hita ndani, za mlango wa juu na za vyumba viwili nyingi hazina. Kama nyumba yako mawese ni kila siku na vitambaa vya meza vyote vina rangi ya chungwa, hita ni muhimu kuliko kilo. Ile rangi inayobaki baada ya mafuta kutoka isikutie presha, anika juani inafifia yenyewe.

HATUA YA 4: NAFASI NA UMEME

Za mlango wa mbele nyingi ni sentimita 60 upana na 85 kwenda juu, kina kinaanzia 45 mpaka 65 kutegemea kilo, ongeza kama 10 kwa nyuma, nafasi ya mpira wa maji. Pima na mlango wa chumba, milango ya bafu ya sentimita 70 inasumbua. Tundu la umeme liwe na ethi ya kweli (waya wa kwenda ardhini), na friji gadi (kifaa cha kukinga mashine) kama mtaani kwenu umeme unapanda na kushuka. Basi.

HATUA YA 5: DRAYA

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa hapa kwetu nguo inakauka kabla hujamaliza kuanika nyingine, tatizo ni vumbi jekundu tu. Shida ni masika, kuanzia Novemba mpaka Aprili, nguo inakaa kwenye kamba inanuka uvundo. Ndipo mtu anawaza draya.

Kabla hujaiwaza, angalia namba ya mzunguko wa kukamua kwenye mashine yako. Nguo kilo 5 zikikamuliwa kwa mizunguko 800 kwa dakika zinatoka na maji kama lita 3 na nusu bado ndani, kwa 1400 ni kama lita 2 na nusu. Hiyo lita moja umeitoa kwa umeme kidogo sana, wakati kuigeuza mvuke kwenye draya ni zaidi ya nusu uniti. Mashine ya mizunguko 1200 au 1400, ukaanika barazani chini ya bati na feni, inamaliza shida ya masika kwa nyumba nyingi.

Ukiona bado unaitaka, saizi ya draya iwe kilo zilezile za mashine au moja juu, isiwe chini, maana nguo za kukausha zinataka nafasi kubwa ya kupepea, dramu ya draya ya kilo 7 ni kama mara mbili ya dramu ya mashine ya kilo 7. Draya za kawaida zinakula wati 2000 mpaka 2700, mkupuo mmoja unaweza kula uniti 3 na zaidi. Mikupuo mitatu kwa wiki ni kama uniti 36 mpaka 40 kwa mwezi, na kama LUKU yako iko kwenye ule mpango wa matumizi madogo usiozidi uniti 75, jua nusu yake imeliwa na draya peke yake. Zipo za hitipampu, zinazotumia tena joto lilelile, zinazokula chini ya nusu ya hapo, ila bei yake iko juu na zinakausha polepole. Na marufuku ekstenshoni za kuunga unga, zinayeyuka.

MASWALI YA WADAU

Mama wa Ujiji: Mwanangu asante kwa somo. Sisi tuko tisa, wajukuu wamejaa, maji ya kisima cha kuvuta kwa ndoo. Kijana wangu anataka kuniletea ya kilo 12 ya mlango wa mbele.

Jibu: Shikamoo mama. Mwambie asilete hiyo, kwa maji ya ndoo itabaki pambo. Akuletee ya vyumba viwili, ya kilo 10 hivi, ila muangalie kwamba chumba cha kukamulia siku zote ni kidogo kuliko cha kufulia, unaweza kufua kilo 10 ukakamua kwa mara mbili. Nayo ina uzuri wake, maji ya sabuni ya nguo nyeupe unaweza kufulia na za rangi kabla hujamwaga.

Mdau wa Gungu: Mkuu nimeona moja imeandikwa 8/5, inafua na kukausha humo humo. Si ndio suluhisho, kitu kimoja?

Jibu: Soma namba zake vizuri mkuu, inafua 8 inakausha 5. Ukifua 8 itabidi utoe 3 uzianike, ukiziacha zote zinatoka na joto lakini mbichi. Kama unaitaka nunua kwa namba ya pili, mwenye mkupuo wa kilo 5 anachukua 8/5, mwenye 6 anatafuta 10/6. Na ikiwa inakausha huwezi kufua kingine.

Mwenye lodge, Kibirizi: Nina vyumba 10, nafikiria mashine moja kubwa ya kilo 20.

Jibu: Piga hesabu, chumba kimoja shuka mbili, taulo na foronya ni kama kilo 2.3, vyumba vyote vikijaa ni kilo 23 kwa siku. Kwa nini usichukue mbili za kilo 10? Moja ikileta shida wageni bado wanalala kwenye shuka safi, na spea zake zinapatikana kirahisi. Wewe sasa ndio mtu wa draya, mteja wa masika hasubiri jua, weka moja ya kilo 10 na uifungie laini yake ya umeme peke yake.

Kaka wa Kasulu: Kuna jamaa anauza mtumba kutoka Japan, kilo 9, bei ya kutupa. Halafu nikiinunua Kigoma mjini naisafirishaje?

Jibu: Angalia stika kwanza. Za Japan za kutumika kwao ni volti 100, sisi ni 230, ukiichomeka moja kwa moja imeenda. Transfoma ya kuibeba ukijumlisha na bei yake utakuta umefika karibu na mpya. Kuhusu safari, mashine ya mlango wa mbele ina bolti za kusafirishia nyuma, tatu au nne, zinashika dramu isicheze. Muulize muuzaji kama anazo, zirudishwe kabla ya kupakia, isafiri imesimama. Ukifika uzitoe ZOTE kabla ya kuwasha, ukisahau itaruka chumba kizima.

Dada wa Mlole: Mimi niko peke yangu, chumba na sebule, LUKU tunachangia wapangaji watatu. Kilo 5 inatosha?

Jibu: Inatosha dada, ila ya 6 mara nyingi umbo lake ni lilelile na bei inakaribiana, kama tofauti ni ndogo chukua 6. Fua kwa maji ya baridi, hita ndio inayokula, mkupuo wa baridi haufiki hata nusu uniti, wa nyuzi 60 unaweza kufika uniti nzima. Waoneshe wapangaji wenzako hizo namba mapema kabla hawajaiona mashine inaingia getini.